Waliosema Ukweli kwa Kujificha

Mikono ya msusi haikai bure, kwa hiyo saluni kwake anayesukwa ndiye anayeshika simu na kumsomea. Bei za nywele bandia, habari za mjini, ugomvi wa watu wasiowajua, vyote vinasomwa hivyo. Msomaji akikutana na neno gumu analiruka, mambo yanaendelea.

Ndivyo alivyosomewa habari za masikio ya binti yake. Mtoto alikuwa haitiki akiitwa, shuleni wakamwita mkaidi. Daktari wa masikio akampima, akasema apasuliwe awekewe mirija, akaandika tarehe, akaita mgonjwa mwingine. Msusi alikuwa hata hajakaa vizuri kitini.

"Haya shoga, nisomee," alimwambia mteja. "Nijue mwanangu anaenda kufanywa nini."

Mteja akafungua ukurasa wa hospitali. Akasoma mstari, akaruka. Akasoma nusu, akaruka. "Hapa wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Ngoja huu mwingine."

Huo mwingine ulikuwa mtamu, kama umeandikwa na jirani. Mama, usikubali mwanao akatwe! Mrija unaua sikio. Tumia mafuta yetu, matone machache tu, mtoto anasikia. Hayana madhara. Chini yake, namba ya kuagizia.

Hapo halikurukwa hata neno moja.

Wifi yake naye akamtumia video ya mwanamume mwenye koti jeupe, sijui daktari, sijui muuza nyama. "Wifi, mrija unakwenda mpaka kwenye ubongo! Usithubutu!"

Msusi akaingiwa na hofu. Tarehe ikapita, yeye anadondosha mafuta. Mto wa mtoto ukanuka mafuta, masikio yakabaki vilevile. Siku moja mtoto akavuka barabara huku pikipiki inapiga honi mgongoni kwake, asigeuke. Dereva akakwepa, akaangukia mtaroni, akainuka na matusi yake yote. Msusi alikuwa ameshamkimbilia mtoto.

Kesho yake alikuwa kwa daktari, hasira zimemfika kooni.

"Umechelewa, mama."

"Nimechelewa, ndiyo. Nigombeze, ukimaliza na mimi nikugombeze. Hicho mnachomwekea mtoto ni nini? Niambie kama unavyomwambia dada yako jikoni."

Daktari akavua miwani. "Nyuma ya ngoma ya sikio panatakiwa hewa. Kwa mwanao pana ute mzito kama gundi, sauti haipiti vizuri. Tunamlaza kwa dawa, tunatoboa kijitundu, tunanyonya ute, tunaweka mrija mdogo kuliko punje ya mchele ili hewa iingie. Baada ya miezi kadhaa, mara nyingi unatoka wenyewe."

"Na mafuta?"

"Hayafiki huko. Ngoma imeziba njia."

"Ubaya wa mrija?"

"Upo. Sikio linaweza kutoa usaha. Mara chache tundu halizibi. Na ute unaweza kurudi."

"Ni hayo tu?" Hapo ndipo alipowaka. "Maneno ya kuenea kiganjani! Mbona kwenye simu mmeyafukia? Mwongo anaandika naelewa, ninyi wenye ukweli mnaandika kama mnaficha urithi! Yeye anasema hakuna madhara, wewe unanitajia madhara, na wewe ndiye ninayekuamini. Lakini nimeyasikia lini? Mwanangu ameshaponea chupuchupu!"

Daktari akapangusa miwani isiyo na vumbi. "Kusema kweli, mama, ule ukurasa tuliuandika tukiwaogopa madaktari wenzetu wasitukosoe."

"Kwani wao ndio wenye watoto wasiosikia?"

Daktari akafungua kitabu chake. Akampa tarehe nyingine.

Safari hii mtoto alipasuliwa. Alipozinduka wodini, simu ya wifi ikaingia kuuliza kama ubongo ni mzima. Msusi akasimama kando ya kitanda, akamwaga yote: mafuta, koti jeupe, pikipiki, hajabakiza kitu.

Mtoto akajifunika shuka. "Mama, punguza sauti."

Msusi akakwama katikati ya neno. Akamtazama mtoto, midomo ikamcheza, machozi yakamlenga. Kisha akageukia ukutani, akaendelea kumgombeza wifi yake kwa kunong'ona.