Neno la Nyuma ya Banda

Tangu Fundi azikwe, hakuna aliyethubutu kumsogelea Zege ila kuku. Wao walipita chini ya pua yake, wakadonoa makombo kwenye sufuria yake, naye akawatazama kwa jicho moja. Lakini binadamu akitia guu upande ule wa ua, hata awe na nyama mkononi, mbwa alinyanyua mdomo akaonyesha meno yote, pamoja na lile lililovunjika.

Mke wa Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mchicha kwa ajili ya matuta yake, hakuwa na ugomvi na mbwa huyo, wala urafiki. Zege alikuwa wa mumewe. Fundi alimwokota kwenye mjengo akiwa kitoto, amekwama kwenye zege bichi hadi tumboni, akamleta nyumbani ndani ya ndoo. Kuanzia hapo waligawana ua bila kuandikiana: mama na mboga zake na bata upande wa jikoni, Fundi na mbwa wake nyuma ya banda la kuku. Jioni Fundi akitoka kazini alibeba kigoda chake huko nyuma, akakaa kumtoa mbwa kupe, na mama akabaki mbele akimwagilia. Sauti ya mumewe aliisikia ikinung'unika. Hakujua inasema nini wala hakujishughulisha kujua, maana mtu mzima akiamua kuongea na mbwa, unamwachia nafasi.

Siku ya msiba Zege alipelekwa kufungwa kwa jirani, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Huko alichachamaa, akakata kamba, akajipenyeza chini ya uzio wa bati kurudi kwao. Bati likamchana bega. Katika pilikapilika za mazishi nani angetazama bega la mbwa? Wiki ya pili jeraha likaanza kunuka, nzi wakajaa, na Zege akaacha kula.

Bwana mifugo alikuja na buti zake za mpira na begi la dawa. Alijaribu kumtupia kitanzi, nusura aache kidole. Akaficha dawa ya usingizi ndani ya nyama. Mbwa akainusa, akaipa kisogo, na bata mmoja mroho akaila akalala mpaka asubuhi.

"Jeraha lenyewe halinishindi, mama," alisema akijikung'uta vumbi. "Nilisafishe, nimchome sindano, basi. Ila ataning'ata kabla sijafungua chupa. Hakuna amri yoyote anayoisikia?"

"Amri zake alikuwa nazo marehemu."

"Basi jaribu kuzikumbuka. Nitarudi Ijumaa. Akikubali kushikwa, namtibu. Akikataa, itabidi niwaite wenye bunduki. Funza wakizidi atakufa kwa mateso, na mimi siwezi kumwacha hivyo."

Mama Mchicha aliitikia kwa kichwa, lakini moyo wake ulikataa katakata. Tuseme ukweli, hakuwa akimpenda mbwa yule. Ila nyumba yake ilikuwa imeshatoa maiti mmoja, na hakuwa na nguvu za kutoa mwingine.

Akajaribu kila alichokijua. Kaa. Lala. Tulia. Binti yake, aliyeolewa mbali, akapiga simu na kumwambia ajaribu Kiingereza. Mama akasimama katikati ya nyanya akimwamrisha mbwa kwa Kiingereza cha darasa la nne, na mbwa akamngurumia kwa lugha yake. Mwishowe akavaa koti la kazi la marehemu. Hilo lilikuwa kosa. Zege alinyanyuka, mkia ukacheza, akanusa hewa, kisha akarudi nyuma taratibu na kulia. Mama akalivua koti, akaenda kulifungia kabatini.

Alhamisi akaingia muuza pumba kwa mlango wa uani, gunia kichwani kama kawaida yake. Alikuwa amekaa kwao muda mrefu akimuuguza mama yake, na habari za msiba zilikuwa zimemfikia jana yake tu. Zege akaanza kunguruma. Mwanamke yule akatua gunia, akafungua mikono.

"Shoga yangu, sikuwa na habari. Pole. Pole, pole sana."

Ngurumo ikakatika. Mama Mchicha aligeuka, akamwona mbwa akipiga magoti, akilala, akijigeuza chali na lile bega lililooza likiwa juu, macho nusu yamefumba.

"Huyu naye kapatwa na nini?" aliuliza muuza pumba.

"Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Hilo ulilosema. Pole."

"Pole," alisema muuza pumba, asijue kama shoga yake bado ana akili timamu. Mkia wa mbwa ukapiga vumbi.

Waombolezaji wote walikuwa wamelisema neno hilo, lakini walilisema sebuleni, mbwa akiwa kwa jirani au nyuma ya banda. Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Mama Mchicha alifurahi, kwa kuwa sasa mbwa angepona. Kisha, muuza pumba alipokwisha kuondoka, furaha ile ikamgeukia.

Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa na wiki moja. Ndugu walikuja, majirani walikuja, kila mtu akampa mama pole. Fundi alirudi kutoka makaburini, akachukua mwiko, akajenga tangi la maji mpaka giza likaingia. Hakusema kitu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Mkewe alilihifadhi jambo hilo. Akazaa tena, akalea, akapika, akacheka naye, lakini alilihifadhi. Na Fundi alipolala kitandani mwaka huu na mapafu yaliyojaa vumbi la saruji, alimwosha, alimlisha, alimgeuza ubavu kwa ubavu. Kila aliyeingia chumbani alimwambia mgonjwa pole. Yeye hakumwambia. Alisema moyoni, asionje alichoninyima. Mpaka anakata roho, hakumwambia.

Kumbe neno Fundi alikuwa nalo. Kila jioni alilitoa nyuma ya banda, kwa ajili ya kupe.

Usiku ule alimkasirikia marehemu kuliko alivyowahi kumkasirikia akiwa hai. Mbwa, jamani. Amempa mbwa.

Ijumaa bwana mifugo alimkuta ameshaketi nyuma ya banda kwenye kigoda cha mumewe, hatua chache kutoka kwa Zege, amekunja uso.

"Umelipata neno lake?"

"Nimelipata. Ila kulitoa ni kazi."

Alikohoa. Bwana mifugo, ambaye hakuelewa ugumu uko wapi, alichutama na begi lake akasubiri.

"Pole," alisema hatimaye, kwa sauti kavu. Masikio ya mbwa yalisimama. "Pole, pole."

Zege akajiburura mpaka miguuni pake, akajilaza chali. Bwana mifugo akasogea, akamimina dawa, akaanza kutoa funza mmoja mmoja kwa koleo. Mbwa alitetemeka mwili mzima lakini hakunyanyua kichwa, maana mama alikuwa ameinama akimshika shingo na hakuacha kusema. Pole kwa bega. Pole kwa bati. Sauti yake ikalainika bila yeye kutaka. Pole kwa mapafu. Pole kwa mtoto, maana alikuwa mtoto wako pia, na sikukuuliza. Machozi yalikuwa yakimtiririka yakiingia kwenye manyoya ya mbwa, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Bwana mifugo alimchoma mbwa sindano ya mwisho, akafunga begi, akanawa mikono.

"Tumemaliza, mama. Unaweza kumwachia sasa."

"Wewe umemaliza, baba," alisema. "Mimi bado."

Bwana mifugo akachukua begi lake, akatoka polepole, akaurudishia mlango wa ua.