Mstari Usiofutwa na Maji

Karakanani wanamwita Unga, kwa sababu kila jioni hutoka pale mweupe hadi kope. Hukata mawe magumu: meza za jikoni, ngazi, mawe ya makaburi. Miaka kumi na tisa yuko mbele ya msumeno uleule, na miaka yote hiyo mkewe humngoja na kikombe cha maziwa, ati ya kuosha kifua. Mafundi wote hunywa. Hakuna aliyewahi kuuliza maziwa hayo hupitia wapi.

Aliyeuliza ni daktari, mwanamke mdogo kuliko binti wa kwanza wa Unga. Alibandika picha ya kifua kwenye kioo chenye taa.

"Mzee wangu, maziwa yanakwenda tumboni. Huku halifiki hata tone."

"Sasa huku anaosha nani?"

"Panajiosha penyewe."

Akamweleza. Njia za hewa zina ute unaonasa vumbi, na vinywele visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma ute huo juu hadi kooni, bila kupumzika. Kikohozi humalizia kazi, kwa hiyo asikibane. Lakini vumbi la mawe lililo laini kabisa hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa, ambako vinywele hakuna. Huko kuna chembe hai zinazolinda kwa kumeza uchafu. Zikimeza jiwe, hufa nalo, na mahali pale hubaki kovu.

"Makovu haya hayafutiki," alisema. "Tunapigania palipobaki pazima. Vumbi basi, mzee wangu. Hata siku moja."

Unga aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda posta. Alisubiri woga umjie. Haukuja. Alichoona ni kwamba kifungo kimoja cha koti la daktari kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Kesho yake alifungua bomba la maji juu ya msumeno. Lilikuwepo tangu mashine inunuliwe, ila hakuna aliyeligusa: maji hufuta mstari wa chaki, na jiwe likikatwa kombo, limekwenda na maji.

"Shemeji, siku hizi unaogea kazini?" aliuliza mume wa dada yake, anayeshika mashine ya pili. "Tukuletee na sabuni?"

Wenzake wakaangua kicheko. Na kweli, mstari ulifutika kabla hajakata hata shubiri. Unga akazima mashine. Akaenda kwenye vyuma chakavu, akang'oa jino la msumeno mkuukuu, akarudi na rula. Alichora upya kwa kukwaruza, taratibu. Safari hii mstari ulibaki. Jiwe likakatika, tope likatiririka sakafuni. Hewani hapakuwa na kitu.

"Ukimaliza," shemeji alisema, hacheki tena, "niazime hilo jino."

Jioni mkewe alimkuta mlangoni, kope nyeusi.

"Leo hukwenda kazini?"

"Nimekwenda."

Akampa kikombe. Unga akakishika tu.

"Haya yanakwenda tumboni."

"Nani kasema?"

"Daktari."

Mkewe alitazama kikombe, kisha akamtazama yeye.

"Kwani tumbo si lako? Kunywa."

Akanywa. Kikohozi kikaja, kile alichozoea kukimeza ili mkewe asisikie. Akakaa kwenye kigoda, akakiachia hadi kikaisha.