Muuza Nyama na Korongo Mweusi

Muuza nyama wetu wa hapa pwani ya Norfolk, Uingereza, hupaza sauti dukani mpaka ng'ombe malishoni wanageuka, lakini akiingia kibanda cha kutazamia ndege hunong'ona kama yuko kanisani. Kila Septemba, vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni, wanaposhuka kutoka kaskazini, huifuta darubini yake kwa soksi kuukuu, hupuliza chai, kisha hutulia tuli. Miaka yote hajawahi kuwa wa kwanza kuona ndege mgeni, na jambo hilo, mimi najua, linamuuma.

Leo akanyoosha kidole. "Korongo mweusi! Kule mwisho wa tope!"

Sisi watazamaji wenzake tukabanana dirishani. Vidarubini vyetu vidogo vilionyesha doa tu.

"Hongera, bwana! Leo soseji za bure!" akatania mzee Clive.

Maji yakajaa, yakalifikia lile doa. Muuza nyama akachungulia tena, shingo ikamwiva kwa aibu. Angesema ndege ameruka, nani angebisha?

"Si korongo, jamani," akanong'ona. "Ni buti."

Bi Winifred, ambaye hacheki ovyo, akamuuliza lile swali tunalomuuliza kila aonaye ndege: "Mkubwa au kinda?"

"Mkubwa," akajibu, jicho bado kwenye darubini. "Mguu wa kushoto."