Nyasi Zilizong'oka na Mizizi

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyoingiza ng'ombe kwenye malisho ya akiba kabla ya wakati wake. Sogeza hicho kigoda kivulini, jua linakuchoma bure. Jana ulinijia na furaha yako ukasema, "Bibi, mvua imenyesha, kule juu kote kijani, tuwafungulie ng'ombe." Nikakujibu tutaona. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeshaona, tangu nikiwa na miaka kumi na mitano, ila sikujua nianzie wapi kukueleza.

Wewe umekulia mjini Miyuji, si kosa lako. Maji mnafungua bomba, maziwa mnanunua dukani. Huku kwetu nyuma ya Hombolo mtoto hufundishwa udongo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Bondeni kuna mbuga, ule udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu mpaka unakiacha ukaenda peku. Huku juu ni udongo wa kichanga. Kichanga kina tabia zake, na mojawapo ni kudanganya. Mvua moja tu, siku ya nne au ya tano nyasi zimechomoza, wakati kule mbugani hata dalili hakuna. Mtu mwenye njaa akitazama anaona chakula. Loh! Nami nilitazama hivyohivyo.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu hadi watu waliacha kukizungumzia. Baba aliondoka na ng'ombe wengi kwenda upande wa Manyoni kutafuta majani. Sikuwa na kaka, basi mimi ndiye niliyeachiwa fimbo na wale sita wa maziwa. Kati yao alikuwemo Madoa. Usinicheke, lakini nilimpenda ng'ombe yule kuliko baadhi ya ndugu zangu. Alikuwa amekonda, mbavu unazihesabu ukiwa mbali, na asubuhi nilikuwa namwinua kwa kumvuta mkia, mama akimsukuma kwa mbele. Nilijua siku moja tutamvuta na hatainuka.

Malisho ya akiba yalikuwa ya kaya saba, na mlinzi wake alikuwa shangazi yangu Foibe, dada yake baba. Mumewe ndiye aliyekuwa mlinzi, alipofariki wazee wakamwachia mjane kazi ile, maana hapakuwa na mwingine aliyekuwa na jicho kama lake. Masika hakuingia mnyama mle. Majani yalikua, yakamwaga mbegu, yakakauka yakiwa yamesimama, ndipo kiangazi yakafunguliwa kidogokidogo. Na kabla ya kufungua, Shangazi alikuwa akipita anashika shina la nyasi na kulivuta. Likikatikia mkononi, ng'ombe wapite. Likija na mizizi, warudi nyumbani. Hakuna mtu aliyebishana na mkono wa Shangazi Foibe.

Mimi nilibishana nao kimyakimya. Siku ya tano baada ya mvua ya kwanza nilitoa miiba iliyoziba mlango wa malisho nikawaingiza wote sita. Nilijiambia ni kwa asubuhi moja tu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nikasema, na Shangazi ana akiba ya mabua nyumbani kwake, atajuaje Madoa anavyoteseka? Ndivyo anavyojisemea mtu anayetaka kukosea, mwanangu. Anatafuta kwanza wa kumlaumu.

Walikula, wee! Nilisimama natabasamu peke yangu. Kisha nikasikia sauti sijaisikia kabla, kroo, kroo, mchanga unasagwa kwenye meno. Kwanza sikuelewa. Nilipogeuka nikamwona Shangazi ameshafika. Hakupiga kelele. Alimwendea Madoa, akachomoa majani yaliyokuwa yakining'inia mdomoni mwake, akaja kunionyesha kwenye kiganja. Majani, mizizi, na mchanga umeganda kwenye mizizi.

"Haya yamekatwa au yameng'olewa?" akaniuliza.

"Yameng'olewa, Shangazi."

"Chota mchanga hapo ulipokanyaga."

Nikachota. Ulikuwa bado na unyevu wa mvua. Akaniambia niubane kwa nguvu zangu zote kisha nifungue ngumi. Ukamwagika wote, hata donge la ukubwa wa kunde halikubaki. Akanivuta hadi kwenye shina la nyasi za zamani ambalo ng'ombe hawakulifikia, akachimba kwa vidole, akanipa udongo wa chini yake. Ule ulikuwa na weusi kidogo na nyuzinyuzi za mizizi. Nilipoubana, ukakaa.

"Mchanga hauna mikono ya kushika kitu," akasema. "Mizizi ndiyo inayoushika, na samadi ndiyo inayoulisha. Mbugani ng'ombe akivuta, udongo nao unavuta. Hapa nani atavutana naye? Umempa Madoa asubuhi moja, umezinyang'anya kaya saba kiangazi kizima. Watoe."

Nikawatoa. Sitakudanganya, Madoa alipona, na ndiyo maana ilinichukua muda kujuta. Mvua zilisita wiki tatu baada ya hapo. Pale tulipong'oa palikauka, upepo wa mchana ukaanza kuchukua ule udongo mwepesi wa juu, ule wenye rutuba, ukaacha mchanga mkavu unaounguza nyayo. Mvua ziliporudi maji yalizama moja kwa moja, hapakuwa na kitu cha kuyanywa. Kila wiki kidonda kilipanuka. Kiangazi kilichofuata malisho hayakutosha. Mchuma janga hula na wa kwao, na kaya saba zilikula la kwangu. Shangazi mwenyewe alifiwa na ng'ombe watatu. Nilikwenda kumsaidia kuwachuna, nikalia hadi akanifukuza.

Kabla ya hapo wazee walikuwa wameitana nje ya nyumba ya tembe ya mzee wa ukoo, wakauliza nani alifungua. Baba alikuwa bado hajarudi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya akina mama. Nilimwona Shangazi anasimama, anafunga khanga yake vizuri kiunoni.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaonea huruma."

Wakamnyang'anya ulinzi siku ileile. Mbele za watu, mwanamke aliyewahudumia miaka yote ile. Nilimfuata njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe bado utaolewa, utatafutiwa sifa. Mimi sifa nitaipeleka wapi?" Kisha akaniambia kesho alfajiri nije na tenga.

Miaka mitatu, mwanangu. Nilibeba samadi kichwani, nikakata matawi ya miiba nikayalaza juu ya kidonda ili upepo utulie na mbuzi wasipite. Shangazi alikagua kila wiki, akavuta shina, akatikisa kichwa. Mwaka wa tatu nyasi zikaanza kurudi pembeni. Mwaka wa nne yeye akafariki, bado katikati ni peupe. Najua mpaka leo jinsi mkono wake ulivyonukia moshi na maziwa, na ningetoa vyote nilivyonavyo unipige kofi hata moja.

Sasa sikiliza. Jana ulipokuwa unanisifia majani, ulisema, "Hata pale Jangwa la Foibe pameota." Hukukosea, ndivyo wote wanavyopaita, wazazi wenu ndivyo walivyowafundisha. Jina la shangazi yangu limebaki la kutishia watoto wasiharibu malisho. Na mimi nimelisikia miaka yote, nikalinyamazia, kwa sababu aliyejua ukweli alikuwa chini ya udongo na hakuweza kunisuta. Jumapili tukitoka kanisani nitawaomba watu wakae kidogo. Nitawaambia aliyeng'oa ni mimi. Utanishika mkono, maana magoti haya siyaamini.

Ng'ombe hutawafungulia. Vumilia mpaka majani yamwage mbegu, na wale waliokonda wakatie mabua, uwanunulie pumba, hata kama mikono itachubuka. Ardhi ya kichanga hulipiza polepole na husamehe polepole zaidi; usiipime kwa njaa ya leo. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema siku hiyohiyo. Kosa linalofichwa linamwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule aliyekupenda.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu akupe mvua inayotulia ardhini. Akupe subira ya kusubiri mbegu. Mifugo yako izaane, maziwa yasikauke nyumbani mwako, na asitokee mtu hata mmoja wa kubeba aibu yako kaburini.