Mstari Ulionyooka Mno

Daktari Inas Bahgat amehesabu matumbawe ya Hurghada, pwani ya Misri, kwa miaka ishirini na miwili, na mpaka leo mama yake huwaambia majirani kwamba binti yake ameajiriwa na serikali kuhesabu mawe. Inas alishachoka kumsahihisha. Kila Oktoba hubeba mtungi wa hewa mgongoni, huzama, hutandaza kamba ya mita mia moja juu ya mwamba uleule, kisha huandika kinachopatikana kwenye kila mita: hai, au limekufa. Kamba ziko tano. Ya nne ni yeye peke yake anayejua inapoanzia, kwa sababu vigingi vyake vilifunikwa na matumbawe zamani, naye hakuwahi kuchora ramani. Kwa mtafiti hilo ni kosa, na yeye ndiye wa kwanza kuwakaripia wengine kwa makosa kama hayo.

Kiangazi kilichopita maji yalichemka wiki saba mfululizo. Inas aliteremka kwenye kamba ya nne akalikuta tumbawe lake kubwa, pana kuliko meza ya kulia chakula, limepauka lote likawa jeupe kama chokaa. Tumbawe lililopauka huwa halijafa bado: huweza kupona, na huweza kufa. Alikuwa akilitazama tangu alipokuwa msichana wa kubebeshwa vifaa vya maprofesa. Alipanda juu, akavua mapezi, na tangu siku ile hakuingia tena majini. Kwa wenzake alisema sikio linamsumbua.

Kituo cha utafiti kilikuwa na kikao chake siku hizo. Kilianza bila mpango, siku Wagdi, mpima joto la bahari, alipokutwa jikoni analia mbele ya birika na karatasi ya vipimo mkononi. Wagdi ni mtu mnene, maneno tele, na hakuna aliyewahi kumwona kanyamaza, sembuse kulia. Aliyemkuta ni Nagwa, anayehesabu nguva. Aliketi naye sakafuni, akalia na yeye, kisha wakala taamiya, bajia za maharage zilizokuwa zimeletwa kwa ajili ya wageni. Wote wawili walijisikia nafuu, wakakubaliana kwamba kila Jumanne baada ya alasiri watakutana hapohapo na kuambizana yanayowasibu. Inas wakamwita awe wa tatu.

Watu wenye akili timamu wangeishia hapo, wanywe chai yao na kufunguka. Lakini hawa ni watafiti. Jumanne ya kwanza Wagdi alikuja na dodoso: huzuni yako wiki hii, kuanzia sifuri hadi kumi. Saa nzima ikapotea wakibishana kama kipimo kianze na sifuri au moja, na kama mtu aliyecheka kikaoni apunguziwe alama. Hakuna aliyesema lolote la moyoni, lakini wote walirudi nyumbani wamechangamka, maana msomi ukitaka kumfurahisha mpe kipimo cha kubishania.

Jumanne ya nane Wagdi alikuja na sinia zima la basbusa, keki tamu ya semolina, na grafu. Huzuni yake mwenyewe ilipanda na kushuka kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Ya Nagwa haikueleweka. Ila ya Inas ilianzia tisa ikateremka taratibu, vizuri, hadi mbili. Wagdi aliing'ang'ania grafu ile kama baba aliyeletewa cheti cha mtoto. Alisema ameshamwambia mkurugenzi kwamba Daktari amepona na hesabu ya Oktoba itafanyika. Oktoba yenyewe ilikuwa imebakiza siku kumi kwisha.

Inas alimshukuru na kuomba kipande kingine cha basbusa. Nagwa aliichukua karatasi, akaitazama, akaacha kutafuna.

"Tisa, nane, saba, sita," alisoma. "Dada Inas, mimi nahesabu nguva mwaka wa kumi na moja huu, na hawajawahi kunipa mstari ulionyooka hivi. Hizi namba umezipika."

Katika jiko la watafiti hakuna tusi zito kuliko hilo. Mwite mwenzako mchoyo, mwite mbishi, bado mtakunywa chai pamoja. Inas mwenyewe aliwahi kuwafukuza wanafunzi wawili kwa kupika namba, na mmoja wao alikuwa mtoto wa binamu yake. Alitaka kukasirika. Badala yake kicheko kilimtoka, na katikati ya kicheko akajikuta analia.

"Nimezipika," alisema. "Sikio langu zima kabisa. Kila wiki nilikuwa napunguza moja ili Wagdi afurahi."

Kisha akasema yote. Kamba ya nne isipohesabiwa mwezi huu, miaka ishirini na miwili itabaki na pengo ambalo hakuna mtu wa kuliziba, na hilo lilimnyima usingizi. Lakini kuteremka aliogopa zaidi.

"Nikilikuta limekufa, ni mimi nitakayeliandika," alisema. "Mkono wangu huu."

Wagdi aliikunja grafu yake mara nne na kuitia mfukoni. Aliona haya, kwa sababu wiki nane alikuwa ametazama karatasi na hakumtazama mtu.

"Mimi sijui kuogelea," akasema.

Wanawake wale wawili walimgeukia. Miaka kumi na tisa mtu huyu amepima joto la bahari ile, na kumbe vipimajoto vyake huviteremsha kwa kamba huku kaikumbatia nguzo ya mashua. Kwa wenzake alikuwa akisingizia kwamba ngozi yake haipatani na chumvi. Nagwa alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

"Sasa Daktari," Wagdi aliendelea, "huko chini sitakushika mkono, tusidanganyane. Lakini mashuani nitakuwepo. Ukipanda unalia, utanikuta nimeshaanza."

Jumamosi asubuhi wakaenda. Wagdi alivaa majaketi mawili ya kuokolea, moja juu ya jingine, akakaa katikati kabisa ya mashua. Inas alizama na Nagwa, na mwanzo wa kamba hakuutafuta hata kidogo, mwili ulimpeleka wenyewe. Walihesabu bila haraka. Alipofika mita ya sitini na moja, kwenye tumbawe lake, aliduwaa hapo muda mrefu, akalia ndani ya miwani ya kuzamia, mahali pabaya pa kulilia kwa sababu huwezi kufuta. Nagwa alimshika kiwiko akangoja. Kisha Inas akaandika, wakaendelea hadi mita ya mia.

Kituoni kwao namba husomwa palepale mashuani. Aliyezama anasoma kibao chake cha kuandikia majini, na mwandishi hulirudia kila neno kwa sauti kabla ya kuliandika, kelele za injini zisije zikaleta makosa. Inas alisoma, Wagdi akarudia. Mita kumi za mwanzo zilikuwa mchanganyiko wa hai na limekufa. Baada ya hapo limekufa, limekufa, limekufa, na kwenye mita ya ishirini na tatu sauti ya Inas ilikatika. Wagdi machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni, lakini kalamu haikuacha kuandika.

Nagwa alikichukua kibao akaendelea kusoma. Inas aligundua kwamba kusoma kumemshinda ila kurudia anaweza, basi akawa anarudia pamoja na Wagdi, mita baada ya mita, mkono wake begani mwa Nagwa. Walipofika sitini alinyoosha mkono akarudishiwa kibao.

"Mita ya sitini na moja," alisoma. "Nusu ya kaskazini limekufa. Nusu ya kusini, hai."

"Hai," wakarudia wote wawili.

Wagdi akamwomba asome tena, akasema injini ina kelele, na Inas akasoma tena, ingawa injini ilikuwa imezimwa.