Chujio Lililobaki Kwenye Karai

Watu wanaonijua husema mimi ni mwanamke wa kinyongo. Sibishi. Kinyongo changu nakijua kilipozaliwa: uani kwa baba mkwe wangu, karibu na Uyole, chini ya gari la Kiamerika lililopandishwa juu ya magogo. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko Boma, nami sijamaliza hata miaka miwili ya ndoa.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa kupita haja. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa mashamba ya chai kule Tukuyu, na baba mkwe ndiye aliyekuwa dereva wake tangu likiwa jipya mpaka rangi ikaanza kubabuka. Mzungu aliporudi kwao akamwachia. Lilikuwa na viti vya ngozi, saa ya mbele ya dereva, redio iliyokwisha kufa, na jambo moja lililomfanya mzee atembee kifua mbele: halikuwa na klachi. Ukishatia moto unavuta kijiti kwenye usukani, na gari linajibadilishia gia lenyewe. Watu walitoka mbali kuja kulitazama, wakazunguka wakiguna. Mimi nililichukia tangu siku ya kwanza, kwa sababu pale nyumbani gari lilikuwa na nafasi kuliko mimi.

Niseme kwa nini. Mimi ni Mhehe wa Ifunda, upande wa Iringa, na mume wangu ni Mnyakyusa. Kwao mke hamwoni baba mkwe wake. Sisemi anainamisha macho. Hamwoni kabisa, wala mzee hamwoni yeye. Mzee akija njiani, mimi naingia kichakani. Akiwa uani, mimi niko ndani. Jina lake silitaji, kikombe chake sikigusi, na sauti yangu haitakiwi kumfikia. Hata kwetu wakwe wanaheshimiwa, lakini kwetu mtu anaweza kwenda kisimani. Kibaya zaidi, tulikuwa tumepewa chumba nyuma ya nyumba yake, jambo ambalo hata kwa mila zao wenyewe halikuwa sawa, ila mume wangu alikuwa hajapata kiwanja. Basi kila mzee alipotaka kuota jua, mimi nilikuwa mfungwa. Na mzee alipenda sana uani, maana gari lilikuwa uani.

Jioni moja dereva wa lori, mtu wa kwetu, alisimama barabarani akaja kuniita. Hakuzungusha maneno. Alisema, "Dada, mama amezidiwa. Anakutaja wewe tu."

Mimi ndiye binti pekee wa mama yangu. Nilimwambia mume wangu kwamba asubuhi naondoka na lori lile lile, maana basi lilikuwa limepita siku iliyotangulia. Mume wangu alikuwa karani, mtu wa kola nyeupe, mwenye kuogopa midomo ya watu kuliko anavyoogopa moto. Akaniambia, "Mke wangu apande juu ya magunia, na baba ana gari? Watu watasema nini?" Akaenda kwa baba yake, akarudi anang'aa. Mzee amekubali kutoa gari. Mume wangu ndiye atakayeendesha, kwa kuwa mimi siwezi kupanda na mzee. Tutaondoka asubuhi, ila kwanza mzee atabadilisha oili ya giaboksi, safari ni ndefu na oili imezeeka. Dereva wa lori akapewa ujumbe: wambieni mama tunakuja na gari kubwa, asiwe na wasiwasi.

Alfajiri nikasikia lori likipiga honi na kuondoka. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda na kifurushi changu mapajani, nimekwisha vaa. Mume wangu alikwenda ofisini kuomba ruhusa. Mzee alikuwa amekwisha kuingia uani, kwa hiyo mlango wangu ukawa umefungwa bila kufungwa.

Dirisha la jiko letu lilikuwa la mbao, lenye ufa. Nilichungulia. Sikumwona uso, niliona miguu miwili imetokeza chini ya gari, soksi za kaki zimevutwa hadi magotini kama bado anamngoja bwana wake. Kwenye benchi walikaa wenzake wa rika, wazee wa umri wake waliokuwa naye tangu utotoni, wanafyonza pombe ya kimpumu kwa mirija na kuitazama kazi. Na kazi haikuwa ikienda. Analegeza nati moja, anasimulia jinsi Mzungu alivyomwamini. Analegeza nyingine, anasimulia jinsi Mzungu alivyokataa mtu mwingine yeyote asiguse usukani. Wenzake wanaitikia. Jua linapanda. Mama yangu yuko kitandani Ifunda, mimi niko nyuma ya ufa nasikiliza habari za Mzungu aliyekwisha kwenda zake.

Mwishowe oili ikamwagika kwenye debe, nyeusi, ikinuka kama maharage yaliyoungua. Akashusha sampu, lile bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi. Ndani yake akachomoa chujio, kitu cha bati, bapa, chenye wavu mwembamba uliozibwa na matope meusi. Alilisugua kwa mafuta ya taa na brashi kwa muda mrefu, nikiri alilisugua vizuri, akaliacha kwenye karai karibu na ukuta wa jiko letu likauke. Kisha akakata gasketi, karatasi ya kuzuia oili isivuje, kwenye boksi la sabuni, akarudi chini ya gari, akaanza kuipandisha sampu.

Chujio lilikuwa bado kwenye karai.

Nilingoja akumbuke. Akakaza nati ya kwanza, ya pili, huku anawasimulia wenzake habari ya siku waliyomchukua mkubwa wa serikali kumpeleka Iringa. Akakaza zote. Akatoka, akafuta mikono, akaomba debe la oili mpya. Mama mkwe alikuwa jikoni pamoja nami, anachambua mchele.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "chujio limebaki nje. Tafadhali mwambie kabla hajatia oili."

Hakuinua hata kichwa. "Mimi? Niende nimfundishe mume wangu kazi mbele ya rika lake?"

"Gari itaharibika njiani, Mama. Na mama yangu anakufa."

"Wewe mkamwana, hiyo gari aliitunza kabla hujaolewa hapa. Chambua mchele."

Sikuchambua. Nilimtafuta mtu wa kumtuma, sikuona. Kulikuwa na kuku tu mlangoni, anadonoadonoa pumba. Nilikuwa nimewahi kuwaona wanawake wa huko wakifanya hivyo wakibanwa sana: unaongea na mnyama, na mwenye masikio anasikia. Nikasogea mlangoni, nikamgeuzia uani mgongo, nikapaza sauti. "Wewe kuku! Hilo chujio lililo kwenye karai usilikanyage! Ni la ndani ya gari hilo, halijarudishwa!"

Mirija benchini iliacha kufyonza. Najua alisikia, kwa sababu debe alilokuwa amelinyanyua alilirudisha chini. Kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda. Kisha mmoja wa wenzake akasema, "Mwenzetu, kuku wako siku hizi anaongea kwa lafudhi ya Kihehe," na benchi zima likaangua kicheko.

Hicho kicheko ndicho kilichonimaliza. Mzee akakohoa, akasema kwa sauti ya kuwatosha wote, "Hicho ni cha zamani. Hakina kazi tena." Akanyanyua debe akamimina oili, nyekundu nyekundu, yote. Mtu aliyekisugua kitu kwa brashi mpaka kikang'aa anasema hakina kazi! Nilimchukia pale pale, nikiwa nimempa mgongo, na sikuwahi kuona sababu ya kuacha.

Alipokwenda kuoga nilitoka, nikalichukua lile chujio, nikalifunga kwenye pindo la khanga. Mume wangu aliporudi nilimwonyesha. Akalitazama kana kwamba namwonyesha nyoka. "Baba amesemaje?"

"Amesema halina kazi."

"Basi halina kazi. Weka huko, tutachelewa." Tulikuwa tumekwisha kuchelewa, jua limevuka utosi.

Tulipoteremka kwenye tambarare ya Usangu gari lilikwenda vizuri, sina budi kusema hivyo. Lilielea. Mume wangu alipiga mluzi wa nyimbo za kanisani, mkono mmoja nje ya dirisha, na kila tulipopita watu alipunguza mwendo waone. Mara mbili alinigeukia: "Unaona? Unaona baba yangu?" Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya ndizi nilizompikia mama. Tulipita Chimala, tukapita Igawa, tukaanza kupanda.

Mlimani injini ikanguruma kwa nguvu na gari likapunguza mwendo. Akakanyaga zaidi. Injini ikapiga kelele, gari likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma taratibu mpaka akalishika kwa breki. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Miaka mingi baadaye fundi mmoja alinieleza kwamba bila chujio bomba la kunyonya oili linabaki juu juu, na gari likiinua pua oili inakimbilia nyuma, bomba linanyonya upepo. Siku ile sikuhitaji fundi. Nilifungua pindo la khanga nikaliweka chujio kwenye kiti, kati yetu.

"Spana ziko nyuma," nikasema. "Fungua, rudisha. Ndizi nitazimwaga, oili kinga kwa sufuria hii."

Alijua kufungua, baba yake alimfundisha tangu akiwa kijana, na kazi yenyewe niliiona yote kwa macho yangu, nati zile hazikuwa siri. Jua lilikuwa bado lipo. Akaushika usukani kwa mikono miwili na kusema, "Alichofunga baba siwezi kukifungua bila ruhusa yake. Ni kumwambia amekosea."

"Amekosea."

"Usiseme hivyo tena."

Niliangalia mikono yake laini juu ya usukani wa Mzungu nikajua nimeolewa na nani. Tulilala usiku huo humo garini, yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma. Asubuhi likaja lori la mchele kutoka Rujewa. Nilisimama katikati ya barabara mpaka likasimama. Nikapanda juu ya magunia na sufuria yangu, mbele ya macho ya mume wangu na ya watu wote aliowaogopa, na yeye akabaki kulinda gari.

Tulifika Ifunda jioni. Nyumba ya mama ilikuwa kando ya barabara kuu, na kabla lori halijasimama niliwaona wanaume wakitoka nyuma ya nyumba na majembe mabegani, majembe yana udongo mbichi. Hakuna aliyenieleza kitu. Nilikaa chini pale pale nilipotua, na sufuria.

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa amemuuguza. Alinishika mabega akasema, "Dereva alituambia unakuja na gari, mwanangu. Tukamwambia mama yako. Basi usiku kucha alikuwa anasikiliza barabara. Kila motokaa ikipita anauliza, 'Ni hiyo?' Tunamwambia siyo hiyo, hiyo ni lori, ya mwanao ni gari kubwa. Leo asubuhi akauliza tena. Halafu hakuuliza."

Wakwe walikuja kuhani kwa basi, kama inavyopasa. Mume wangu alikuja nao, na baba yake alikuja. Mimi nilijifunika khanga nikaingia chumba cha ndani. Siku ya pili shangazi akanifuata na kitambaa kipya kilichokunjwa vizuri. Alisema mzee anataka kuondoa mwiko. Kwao baba mkwe anaweza. Humpa mkamwana zawadi, naye akiipokea, basi wanaonana, wanasalimiana, yamekwisha. Kuna na ng'ombe, shangazi alisema. Mzee ana neno anataka kuniambia uso kwa uso, na hawezi kulisema kwa kumtuma mtu.

Nilijua ni neno gani. Nilirudisha kitambaa bila kukikunjua. "Mwambieni mimi ni mkamwana mwenye adabu," nikasema. "Siwezi kumwona mkwe wangu."

Alijaribu tena tuliporudi Uyole. Alijaribu nilipojifungua, na nilipojifungua tena. Zawadi ziliongezeka, mimi nikazirudisha zote kwa heshima, kupitia kwa mama mkwe ambaye sasa alikuwa ananibembeleza. Nilijua mwendo wa miguu yake na kikohozi chake, na kila alipokaribia nilitoweka. Aliuza lile gari kwa vipande, sikuuliza kwa nani. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, macho yakiwa yamekwisha kuzimika, alimtuma mume wangu aniombe niseme neno moja tu, hata nyuma ya ukuta, hata nikiongea na kuku. Nilikwenda nikakaa nyuma ya ukuta. Nilichambua mchele taratibu, ungo ukisikika, ajue nipo. Alingoja. Aliita, "Mkamwana?" Nikachambua mpaka mchele ukaisha, nikanyanyuka.

Kwenye mazishi yake wanawake wa ukoo walinizunguka. Walisema miaka yote hiyo hawajapata kuona mkamwana aliyemheshimu baba mkwe wake kama mimi, na wakawaambia binti zao wanitazame. Niliwashukuru.