Kitabu changu kimeingia kabatini kwa madam

Leo nilijua nafukuzwa kazi hapa Jeddah, narudi Kenya.

Si mnajua zile hadithi zangu za mapenzi za Waamish, wale Wakristo wa Marekani wanaoishi bila umeme wala magari. Huwa nazisoma nikipiga pasi. Asubuhi madam ameingia ghafla, nikakichomeka kitabu katikati ya abaya zake, yale mabuibui yake meusi. Halafu mimi huyu huyu nikazibeba zote hadi kabatini, chumbani kwake.

Nimekumbuka nikiosha vyombo. Kabla sijakausha mikono, nikasikia sauti ya madam.

"Mercy, njoo."

Nimemkuta ameketi kitandani, kitabu mkononi. Jalada lina kanisa, na msichana mwenye gauni refu na kitambaa kichwani. Nikaona halas, basi, Jeddah imeisha.

"Huyu ni Mkristo?"

"Ndio, madam."

"Na anajifunika?"

"Kwao wanawake wote wanajifunika."

Akalitazama tena jalada. "Na kijana anayempenda, ameenda kumposa kwa baba yake?"

"Bado, madam. Wanaonana kwa siri."

"Mafi adabu, hakuna adabu," akasema, akanirudishia kitabu changu.

Nikashusha pumzi ya wiki nzima. Nimefika mlangoni, akaniita tena.

"Na huyo wako wa Riyadh, unayecheka naye kwa simu kila Ijumaa jikoni. Yeye ameenda kwa baba yako?"

Kumbe anajua. Kumbe siku zote anajua, na hajakasirika.

Brian wangu, najua unasoma hii hapo Batha, Riyadh. Nyinyi wengine msaidieni kupanga maneno ya kuniposa, maana namba ya baba anayo, na kesho madam ataniuliza.